Huduma ya kujenga jina la mtu katika enzi ya akili bandia

MALILI ni mji mdogo katika Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, takriban kilomita 60 kusini-mashariki mwa jiji kuu. Kwa miaka mingi jina lake lilihusishwa na ranchi ya mifugo. Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi hiyo ili kujenga Konza, mji wa teknolojia uliowekwa miongoni mwa miradi mikuu ya Ruwaza ya 2030. Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wake Januari 2013.

Wazo la awali lilikuwa kuzivutia kampuni zinazofanya kazi za afisi kwa niaba ya kampuni za ng'ambo: kupokea simu, kuandika, kuhesabu na kupanga kumbukumbu. Kazi hizo ndizo zinazoguswa kwanza na akili bandia, yaani programu za kompyuta zinazoweza kuandika, kutafsiri, kuchora na kujibu maswali kwa lugha ya kawaida.

Kwa kijana wa Makueni au Kitui aliyehitimu chuoni akitarajia ajira za aina hiyo, swali limebadilika. Anachotaka kujua sasa ni kazi gani ya kuandika itakayobaki na thamani ilhali mashine imekwisha kujua kuandika.

Miongoni mwa kazi zinazotajwa ni huduma ya kujenga jina la mtu. Ni biashara inayoweza kuanzishwa kwa kompyuta moja na simu, na wateja wake wamo kila kijiji. Hata hivyo, ni biashara inayoweza kumharibia mteja jina kwa muda mfupi kuliko ule uliotumika kulijenga.

Maana ya huduma hii

Kujenga jina ni kumsaidia mtu ajulikane, kwa kazi anayoifanya, na watu wanaoihitaji kazi hiyo. Mteja anaweza kuwa wakili, mwalimu, daktari wa mifugo, mwanamuziki, fundi wa umeme au mkulima wa maembe.

Mtoa huduma humwandalia mteja wasifu wake, picha, maelezo ya kazi alizozifanya, ukurasa katika mitandao ya kijamii, na pengine makala au hotuba. Kisha hufuatilia maswali yanayoletwa na wasomaji na kuhakikisha kwamba habari zilizochapishwa hazijapitwa na wakati.

Huduma hii hutofautiana na tangazo la kawaida. Tangazo la sabuni huuza sabuni, na mnunuzi asiporidhika hupoteza bei ya kipande kimoja. Anayemwajiri mwalimu, au kumruhusu fundi kuweka nyaya za umeme nyumbani mwake, huweka rehani mambo makubwa zaidi. Kwa hivyo kinachouzwa hapa ni imani.

Asili yake Ukambani

Jambo lenyewe si geni katika eneo hili. Katika karne ya 19, kabla ya reli kufika, mfanyabiashara Kivoi wa Kitui aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa. Sifa zake zilijulikana pwani, na mmishonari Johann Ludwig Krapf alipotaka kuingia bara alimtegemea yeye. Ni katika safari ya kumtembelea Kivoi huko Kitui ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya, Desemba 3, 1849. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika safari ya kuelekea Mto Tana. Jina lake halikuwa limeandikwa na mtu yeyote aliyelipwa. Lilibebwa midomoni mwa watu waliosafiri na kufanya biashara naye.

Uchongaji wa vinyago waonyesha upande mwingine. Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, alijifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha nyumbani. Ufundi ukaenea, na mwaka 1963 wachongaji waliohamia Mombasa wakaunda chama cha ushirika huko Changamwe. Vinyago viliuzwa kwa wingi kwa watalii na katika nchi za Ulaya na Marekani, lakini aghalabu mnunuzi alijua tu kwamba ni kazi ya Wakamba. Jina la jamii lilipanuka, ilhali jina la fundi mwenyewe lilibaki kijijini.

Dhana ya kisasa ya kumchukulia mtu kama alama ya biashara ilipata umaarufu kupitia makala ya Mmarekani Tom Peters katika jarida la Fast Company, Agosti 1997. Mtandao wa LinkedIn, ambamo wataalamu huweka wasifu wao, ulifunguliwa mwaka 2003.

Nchini Kenya, njia ilifunguka zaidi mwaka 2009 wakati nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipoanza kutumika na kuiondoa nchi katika utegemezi wa setilaiti zilizokuwa ghali. Kufikia wakati huo, M-Pesa iliyoanza Machi 2007 ilikuwa imekwisha kurahisisha malipo madogo. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital ili kuwafunza vijana kutafuta kazi kupitia intaneti. Uandishi ulikuwa miongoni mwa kazi hizo.

Kwa nini ilikuwa vigumu kuipanua

Biashara hupanuka vyema iwapo inaweza kuhudumia wateja wengi zaidi bila gharama kupanda kwa kiwango kilekile. Huduma ya kujenga jina haikuwa hivyo, kwa kuwa kila mteja alihitaji saa zake mwenyewe.

Chukulia mfano wa afisi yenye wafanyakazi watatu, kila mmoja akifanya kazi saa 160 kwa mwezi. Jumla ni saa 480. Iwapo kila mteja mpya anahitaji saa 3 za mahojiano, saa 4 za kukusanya na kuthibitisha ushahidi, saa 8 za kuandika, saa 3 za kutafsiri na kupanga kurasa, na saa 2 za ukaguzi, basi mteja mmoja hula saa 20. Afisi hiyo haiwezi kupokea zaidi ya wateja 24 kwa mwezi.

Sasa chukulia kwamba akili bandia imepunguza uandishi kutoka saa 8 hadi 2, na tafsiri na upangaji kutoka saa 3 hadi 1. Ukaguzi hauna budi kuongezwa hadi saa 3, maana mashine hukosea kwa namna isiyoonekana upesi. Mteja mmoja sasa anahitaji saa 13, na afisi inaweza kupokea wateja 36.

Hilo ni ongezeko la nusu, wala si la mara kumi kama wanavyodai wauzaji wa programu. Sababu ni kwamba mahojiano na ushahidi bado huchukua saa 7 kati ya hizo 13, na mashine haiwezi kwenda Kibwezi kumuuliza mwenye nyumba ikiwa kweli fundi huyu ndiye aliyeweka umeme.

Hapo ndipo kishawishi kilipo. Afisi inayotaka kupokea wateja 100 kwa mwezi kwa wafanyakazi walewale itabakiwa na chini ya saa 5 kwa kila mteja. Haiwezekani kufanya hivyo bila kuacha mahojiano na uthibitishaji, na kuiachia mashine ijaze pengo kwa maneno matamu.

Mashine inaweza nini

ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, watu wengi waliona kwa mara ya kwanza programu inayoandika ukurasa mzima kwa dakika moja. Programu za aina hiyo zimefundishwa kwa maandishi mengi mno, nazo hutabiri neno linaloelekea kufuata. Hazina njia ya kujua kama jambo lililoandikwa lilitokea.

Kwa sababu hiyo, mashine ni hodari katika kazi ambazo mambo yake ya kweli yamekwisha kupatikana. Inaweza kugeuza mahojiano marefu yawe muhtasari, kuandika maelezo yaleyale kwa urefu tofauti, kuondoa makosa ya tahajia, kutafsiri kati ya Kiingereza na Kiswahili, na kupendekeza maswali ambayo mhoji aliyasahau.

Udhaifu wake ni wa aina tatu. Kwanza, huzua. Fundi akisema tu kwamba amefanya kazi ya umeme, rasimu yaweza kumpa uzoefu wa miaka 10 na tuzo asiyoijua. Pili, husawazisha. Wateja 50 waliotoka katika mashine moja huonekana wote ni "wachapakazi wenye ari na ubunifu", na msomaji hawezi kumtambua yeyote kati yao. Tatu, ni dhaifu zaidi katika lugha zenye maandishi machache. Kiswahili kimepiga hatua. Mwaka 2023 shirika la Jacaranda Health lilitoa UlizaLlama, programu ya lugha iliyofundishwa Kiswahili. Kikamba kiko nyuma sana, na methali au jina la pahali laweza kupotoshwa kabisa.

Uzushi huo una gharama. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uchunguzi wa vyeti katika taasisi za serikali ulikuwa umewafichua watu 2,067 waliopata kazi au kupandishwa cheo kwa vyeti bandia. Katika nchi inayokagua vyeti kwa kiwango hicho, wasifu uliotiwa chumvi na mashine waweza kumfukuzisha kazi mteja aliyelipa kwa nia njema ili asaidiwe. Mteja ndiye atakayeulizwa, si programu wala aliyeibonyeza.

Funzo la insha za kuuza

Vijana wa Kenya wana mfano wa karibu. Kwa miaka mingi, maelfu walijipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za vyuo vikuu. Waliokuwa wakiandika walikuwa hodari, lakini kazi ilitolewa kwa jina la mtu asiyeiandika.

Mwaka 2022, sheria ya elimu iliyopitishwa nchini Uingereza iliifanya biashara ya kuwauzia wanafunzi insha kuwa kosa katika England. Mwishoni mwa mwaka huohuo ChatGPT ikafika, na mwanafunzi akaweza kupata insha bila kumlipa mtu. Waandishi wengi waliona kazi zikipungua. Walikuwa wamejenga ustadi mkubwa juu ya bidhaa iliyotegemea kuficha ukweli, na ilipopatikana njia nyingine ya bei nafuu ya kuuficha, hawakubaki na cha kuuza.

Huduma ya kujenga jina ikifuata mkondo huo itaishia pale pale. Maneno mazuri sasa ni rahisi kama maji ya mvua. Kinachobaki kuwa adimu ni maneno yenye shahidi.

Daftari la ushahidi

Anayetaka kuanzisha huduma inayoweza kupanuka ataanzia kwenye daftari la ushahidi. Ni jedwali la safu mbili: upande mmoja dai, upande wa pili kinachothibitisha dai hilo. Dai likiwa "ana leseni ya kuweka umeme", ushahidi ni leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, daraja lake na tarehe ya kumalizika. Dai likiwa "ni mwalimu aliyesajiliwa", ushahidi ni nambari yake ya Tume ya Huduma za Walimu. Dai likiwa "amejenga matangi ya maji", ushahidi ni picha, mahali na ruhusa ya wenye matangi kupigiwa simu. Dai lisilo na ushahidi hufutwa kabla mashine haijaguswa.

Hatua ya pili ni mahojiano. Mteja aongee kwa lugha anayoimudu, iwe Kikamba au Kiswahili, na arekodiwe kwa idhini yake. Maneno yake ya asili ndiyo yatakayoutofautisha wasifu wake na wa jirani.

Hatua ya tatu ni kuipa mashine daftari hilo na mahojiano hayo pekee, na kuiamuru isiongeze lolote lisilokuwamo. Hatua ya nne ni mkaguzi, ambaye si yule aliyeandaa rasimu, kupitia sentensi moja baada ya nyingine akiilinganisha na daftari. Hatua ya tano ni mteja kusomewa yote na kuidhinisha kabla ya kuchapishwa.

Upanuzi wa kweli hupatikana kwa kupunguza saa za ushahidi bila kuuacha ushahidi. Orodha ya maswali na stakabadhi ikitayarishwa mara moja kwa kila fani, itatumika kwa mafundi wote wa fani hiyo. Mteja anaweza kupiga picha stakabadhi zake kwa simu na kuzituma kabla ya mahojiano. Vyama navyo husaidia sana: mhoji akienda siku moja kwa kikundi cha wasusi wa viondo au chama cha wakulima wa maembe, atawahoji wengi kwa nauli moja, nao wanachama watathibitishana kazi zao.

Mahojiano na ushahidi yakishuka kwa njia hiyo kutoka saa 7 hadi 4, mteja mmoja atahitaji saa 10. Afisi ileile ya watu watatu itawahudumia wateja 48, mara mbili ya hapo awali, bila kumzulia hata mmoja jambo lisilo la kweli.

Bei na umiliki

Hesabu hiyo hugusa bei moja kwa moja. Iwapo mishahara, kodi ya afisi, umeme na intaneti vyagharimu Sh240,000 kwa mwezi, basi kwa wateja 24 kila mmoja hana budi kulipa angalau Sh10,000 ili gharama zirudi. Kwa wateja 48 kiasi hicho ni Sh5,000. Tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo inayomwingiza fundi au mchuuzi katika huduma iliyokuwa ya mawakili na wanasiasa.

Ni vyema malipo yagawanywe: ada ya kuanzisha, na ada ndogo ya kuhuisha habari kila mwezi au kila robo mwaka. Ada ya pili ndiyo inayoipa afisi mapato ya kutegemewa, nayo humlazimu mtoa huduma kumkumbuka mteja baada ya kumpokea.

Nywila za kurasa zote zibaki mikononi mwa mteja, na mkataba useme kwamba akiondoka ataondoka na picha, maandishi na daftari lake. Afisi inayoshikilia ukurasa wa mteja ili asihame humteka jina lake.

Sheria zinazohusika

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayekusanya habari za mtu awe na idhini au sababu nyingine halali, azitumie kwa lengo lililotajwa pekee, na azilinde. Habari zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, Kamishna wa Data hana budi kuarifiwa katika muda wa saa 72. Kanuni za mwaka 2021 huzisamehe usajili biashara zenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, isipokuwa katika sekta zilizoorodheshwa, lakini wajibu mwingine wote hubaki palepale.

Sheria hiyo ina meno. Septemba 2023, afisi ya Kamishna iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha burudani Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Mjenga jina anayechapisha picha za wateja wa mteja wake yumo katika hatari iyo hiyo.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 huadhibu anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia nywila au kitambulisho chake kwa udanganyifu. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sauti au picha ya mteja iliyotengenezwa na mashine isitumike kamwe bila kibali chake cha maandishi.

Taaluma nyingine zina masharti yake. Mawakili, kwa mfano, wana kanuni za mwaka 2014 zinazodhibiti namna ya kujitangaza. Mwenye kutaka kulinda jina au nembo ya biashara yake aweza kuisajili katika Taasisi ya Hakimiliki za Viwanda ya Kenya, na usajili hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa.

Nafasi ya Malili

Kituo cha kitaifa cha data kimejengwa Konza, na Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa akili bandia wa miaka 2025 hadi 2030. Mitambo na mipango hiyo yaweza kurahisisha kazi ya anayeandika, lakini haimpi habari za kuandika. Habari hizo ziko kwa mchongaji wa Wamunyu, msusi wa Kitui na mkulima wa Makueni, nazo hufikiwa na mtu anayejua njia, lugha na watu wa kuuliza.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Leo kibaya kimepata chombo cha kujitembeza upesi, kikiwa kimevaa maneno yale yale ya chema. Mnunuzi aliyekwisha danganywa mara mbili tatu hatauliza tena nani amejisifu vizuri zaidi. Ataomba nambari ya simu ya mtu aliyehudumiwa, na kijana wa Malili aliyejaza daftari lake vyema atakuwa nayo.